Saa ya Kobe

Imeshindikana kuingia. Jaribu tena.

Kobe alijaribu tena. Mara ya sita.

Imeshindikana.

Alikuwa ameketi kitandani, ghorofa ya pili ya gesti, kompyuta mapajani, bastola ya Glock juu ya mto. Jina la Kobe alipewa na majasusi wenzake kwa sababu ya magoti yake mabovu, naye hakuwa na nguvu za kulikataa. Chini ya dirisha, malori meupe kumi na mawili yalipanga foleni kwenye geti la mpaka. Moja lilibeba dawa bandia za watoto wachanga: maji na rangi, kwenye chupa zenye lebo safi kabisa.

Nambari ya lori hilo alipewa alfajiri na mlinzi wa ghala. Akaiandika kwenye simu, kwenye programu yake ya kumbukumbu. Kisha wafanyamagendo wakamfukuza kwa pikipiki, simu ikamponyoka, gurudumu likaisaga. Sasa kumbukumbu hizo zilipatikana kwenye kompyuta tu, nayo ilikuwa imegoma.

Redio ikakoroma. Mkuu wake, kutoka getini.

"Kobe, nambari!"

"Bado."

"Geti linafunguliwa baada ya dakika nane. Nina askari wawili na mbwa mmoja, siwezi kupekua yote!"

Fundi wa makao makuu, binti mwenye sauti ya upole, akaingia hewani.

"Shikamoo, mzee. Intaneti ipo?"

"Marahaba. Ipo."

"Nenosiri? Herufi kubwa hazijajifunga?"

"Nimeangalia, mwanangu."

"Basi ifute programu, uiweke upya."

Akaifuta. Akaiweka. Dakika nne zikapotea bure.

Imeshindikana.

"Mzee, kompyuta yako inasema leo tarehe ngapi?"

Kobe akatazama pembeni ya kioo. Akakumbuka.

Wiki iliyopita alichelewesha ripoti kwa sababu alilala siku nzima, viatu miguuni. Akairudisha nyuma saa ya kompyuta kwa siku moja, akaandika, ripoti ikaonekana imewahi. Mkuu aliisifu mbele ya vijana. Saa yenyewe Kobe akaisahau.

"Ya nyuma kwa siku moja," alisema.

"Ndiyo maana unafungiwa nje; mfumo haukubali mashine yenye tarehe tofauti. Nani ameigusa? Kama si wewe, kuna adui humo ndani, na sheria inataka niizime mashine sasa hivi."

Mkuu alikuwa anasikiliza. Kobe alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu.

Malori yakawashwa.

"Ni mimi," Kobe alisema. "Nilitaka ripoti ionekane imewahi."

Akarekebisha tarehe, akaandika nenosiri.

Ikafunguka. Akasoma nambari, akachungulia dirishani.

"Mia nne kumi na saba! La tisa kwenye foleni!"

Dereva wa lori la tisa aliruka chini, akatimua mbio. Mbwa alimdaka kabla hajafika mtaroni.

"Mzigo upo," Mkuu alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Ile ripoti niliwasomea vijana kama mfano, Kobe."

"Najua, Mkuu."

"Naitaka barua ya kujieleza. Leo hii."

"Nitaiandika kwa tarehe ya leo."

Aliona aibu. Aliona pia wepesi fulani ambao hakuwa nao kwa siku nyingi.

Akafunga kompyuta, akachomeka bastola kiunoni, akashuka ngazi moja moja, mkono kwenye reli. Nje alipita kando ya malori kumi na moja yaliyobaki, wala hakugeuka.