Aliyemtwika Advera

Majini ya watu wengine yana kwato, yana nywele mpaka kiunoni, yanakimbizana juu ya bati kama paka wa sokoni. Hayo tuwaachie wenyewe. Huyu wa mtaa wa Mtendeni hakuwa na kwato wala kelele. Alikuwa na adabu kuliko wakwe wengi wa mji huu wa Tabora, na ubaya wake ulikuwa hapo hapo, maana jini mwenye kelele unamfukuza, lakini mwenye adabu unamshukuru.

Advera alimshukuru kwa mdomo wake mwenyewe.

Ilikuwa saa sita mchana, saa ambayo kivuli cha mtu kinajificha chini ya nyayo zake. Advera alikuwa peke yake ndani ya nyumba ya marehemu mama yake, Mama Recheli. Msiba ulishamalizwa, na yeye na mdogo wake Festo walikuwa wamekubaliana nyumba isafishwe, vitu vigawiwe, apatikane mpangaji. Festo, mkulima wa Ntalikwa, alikuwa nje barabarani na guta la kuazima la kubebea vitu. Advera alikuwa ametoka Kigoma kwa treni, na huko Kigoma alimwacha bintiye Julieth na mimba ya kwanza, mwezi wenyewe ndio huo. Walikuwa wameagana vizuri: uchungu ukianza, mkono utakaoshikwa ni wa mama. Kwa hiyo Advera alikuwa na haraka.

Haraka kwenye nyumba ya Mama Recheli ilikuwa sawa na kukimbia kwenye matope. Yule bibi, Mungu amlaze pema, hakutupa kitu. Masufuria yaliyotoboka yalikaa ndani ya masufuria mazima. Madebe ya asali yaliyokwisha asali yalipangwa mpaka darini. Kulikuwa na vitanda vya chuma visivyo na miguu, redio zisizo na sauti, magunia ya magunia. Mtu akimuuliza, alijibu, "Nyumba tupu haina kazi ya kumpa mtu," na watoto wakacheka, wakijua ni uzee. Katika yote hayo Advera alijiwekea kitu kimoja tu, doti ya kanga ya mama yake, vipande viwili vilivyofifia maandishi. Yeye alibebwa mgongoni kwa kanga hizo, Julieth akabebwa kwa hizo hizo, na ndizo zingempokea mjukuu. Zilikuwa zimelala ndani ya mkoba wake, tayari kwa safari.

Basi, siku hiyo alikuwa amefunga matandiko ya zamani ndani ya shuka, mzigo mkubwa kama ng'ombe aliyelala. Alitaka kuubeba kichwani na hakuwa na ngata. Akaangaza. Juu ya mlango wa stoo, msumarini, ilining'inia ile ngata ya siku zote, duara la kamba za gome lililosokotwa, jeusi kwa jasho la vichwa visivyojulikana. Utotoni, aliyeigusa alichapwa. "Hiyo ina mwenyewe," Mama alisema, na kila mvua za kwanza zilipoanguka aliishusha, akaisokotea gome jipya, akairudisha mahali pake. Walidhani ni ukumbusho wa marehemu baba. Sasa Advera alikuwa mwanamke mzima anayetarajia kuitwa bibi. Nani wa kumchapa?

Akaishusha, akaitua utosini, akapiga goti kando ya mzigo, akasema kama asemavyo mtu yeyote mwenye mzigo mzito, "Jamani, nani anitwike."

Akatwikwa.

Mikono miwili ilitokea nyuma yake, ikainua mzigo bila papara, ikauweka juu ya ngata, tena ikausogeza kidogo upande wa kushoto ukae sawa, kama afanyavyo mtu aliyezeeka katika kazi hiyo. Ikaja harufu ya tumbaku, na jasho la mwanaume, na chumvi. "Asante, Festo," akasema, akatoka zake nje.

Festo alikuwa juu ya guta, kipande cha muwa mdomoni, anafunga kamba.

"Umewahije kufika huku?" Advera akamuuliza.

"Kufika kutoka wapi?"

"Si umenitwika sasa hivi."

"Dada, tangu nimekuja sijakanyaga humo ndani. Nikiingia utanipa kazi."

Siwema, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amesimama akisubiri kinu alichoahidiwa. "Basi ni marehemu anakuhimiza uondoke, shoga. Umeshamchokonolea sana stoo yake."

Wakacheka wote watatu. Advera alicheka kidogo kuliko wenzake. Aliutua mzigo kwenye guta, ile ngata akainusa mara moja, akaitupa kwenye moto wa takataka uani. Haikuwaka kama gome. Ilichuruzika na kutoa mlio, kama nyama yenye mafuta.

Siwema akaingia, akabeba kinu chake, na pale kinu kilipovuka kizingiti Advera, aliyekuwa amerudi ndani, akahisi kitu kimemkalia utosini. Alipapasa kwa mkono. Nywele tu. Kikatoka kitanda, shingo ikaingia mabegani. Yakatoka madebe ya asali, mgongo ukapinda. Alidhani ni uchovu, kisha akadhani ni presha, akanywa maji, akaendelea kuwapa watu vitu, kwa sababu mkono uliokwisha kuanza kugawa hauna breki, na kila kilichotoka mlangoni kilimrudia kichwani, sufuria kwa sufuria, gunia kwa gunia.

Siwema aliporudi kuchukua mchi, alisimama, akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni.

"Shoga, mbona gauni limekuwa refu?"

Advera akainamisha macho. Gauni lililokuwa likiishia kwenye vifundo vya miguu lilikuwa linafagia sakafu.

Hapo ndipo aliposema basi, inatosha, vilivyobaki Festo atamaliza, yeye anakwenda kituoni kungoja treni. Akachukua mkoba. Alipofika mlangoni, mguu ulikataa kuvuka. Haukuwa na ganzi wala maumivu. Ulikuwa chini ya uzito, na kadiri alivyokaribia mwanga wa nje ndivyo uzito ulivyozidi, mpaka akajikuta ameketi juu ya saruji, mkoba mapajani, akiitazama barabara iliyokuwa hatua moja mbele yake.

"Dada, acha utani," Festo akasema kwa sauti ya chini.

"Ningekuwa natania ningecheka."

Festo akamshika kwapani, akavuta. Akaita vijana wa gereji, wakavuta nao. Ilikuwa kama kung'oa jiwe la kusagia lililozama ardhini. Kisha Festo akapata wazo ambalo hata mtu mwenye shule angelipata: akaenda nyumba kwa nyumba akiomba radhi, akarudisha kinu, akarudisha vitanda, akarudisha na madebe. Vitu vikarudi. Uzito haukupungua hata kwa kijiko kimoja.

Kesho yake asubuhi akaletwa katekista, Mwalimu Sixbert, mtu mwenye sauti ya kupasua madirisha. Alinyunyiza maji ya baraka kila pembe, akasimama mbele ya Advera, akasali sala ndefu iliyonyooka, na Advera, aliyekuwa ameinamia magoti yake, akaanza kuamini kwamba yatakwisha. Mwalimu alipofika mwisho alinyamaza wapate kuitikia. Festo aliitikia. Siwema, ambaye ni Mwislamu, aliitikia kwa ujirani. Na nyuma ya sikio la Advera, karibu kabisa, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila ukuta, sauti ya mwanaume, ya taratibu, yenye heshima zote, ikasema, "Amina."

Mwalimu Sixbert alikumbuka kwamba ana kipindi seminari ya Kipalapala. Ndala yake ya kushoto mpaka leo anayo Siwema.

Mchana ule simu ikaita. Ni Julieth, na maneno yake yalikatwa na pumzi. "Mama, uchungu umeanza kunikata kiunoni. Umepanda treni?"

"Niko njiani, mwanangu," Advera akasema, ameketi pale pale kwenye saruji.

"Usichelewe, mama. Naogopa."

Alipokata simu, nyumba ilikuwa kimya, kimya cha mtu anayesikiliza, na ndani ya kimya hicho alianza kusikia kitu ambacho labda kilikuwepo tangu jana na yeye hakukitambua, njuga, njuga za miguuni, zikilia polepole nyuma yake kama miguu ya mtu anayehamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule kwa sababu amesimama muda mrefu na bado hajaambiwa msafara unaondoka lini, na harufu ya chumvi ikamjaa kooni mpaka machozi yake mwenyewe yakawa hayana ladha tofauti, akataka kupiga kelele, ila shingo haikumruhusu kuinua kidevu.

Festo alirudi na mganga kutoka kwao Ntalikwa. Mganga huyo, Jilala, alikuja na pikipiki yake, jaketi la mvua na jua linawaka, akasalimia kwa mkato, akachungulia juu ya mlango wa stoo, akauona msumari mtupu.

"Ngata iko wapi?"

"Niliichoma," akasema Advera.

"Kwanza uliivaa."

"Niliivaa."

"Ukasema nini?"

"Nilisema nani anitwike."

Jilala akavua kofia. "Mama, jini wa njia haombwi hivyo. Babu wa babu yenu alikuwa kiongozi wa wapagazi, misafara ya chumvi na pembe. Huyu alimwokota njiani, akamweka hapa amchukulie uzito wa nyumba. Kazi yake kubeba, ujira wake kubeba. Mama yenu hakuwa mchoyo wa vitu. Alikuwa anamtafutia mwenziwe mzigo."

"Sasa ananitakia nini mimi?"

"Hakutakii baya. Ulivaa ngata yake, akajua umekuja kumpokea zamu. Ukaomba kutwikwa, akakutwika. Sheria ya njia ni moja, aliyekutwika ndiye akutue. Ila umemchomea ngata, na mpagazi habebi kwa kichwa kitupu."

"Basi msokotee nyingine," Festo akanong'ona. "Gome la miombo nitakuletea guta zima."

"Gome alisokotewa na aliyempa kazi. Huyu dada yako jana amegawa vitu vyote ambavyo havikumuuma. Nataka kile kinachomuuma. Na kitolewe chote, mama, kisibaki."

Advera akajua kabla hajamaliza kusema. Mkono ukaingia ndani ya mkoba, ukapapasa kanga. Alikumbuka mgongo wa mama yake, joto lake, harufu ya moshi na mafuta ya nazi. Akamkumbuka Julieth. Mkono ukatoka na kipande kimoja.

Jilala akakikunjua. "Doti ni vipande viwili."

"Cha pili kiliungua zamani," akasema Advera.

Pale pale ule uzito ukasogea utosini, kidogo tu, upande wa kushoto, kama mtu anayegeuza sikio asikie vizuri. Advera akaing'ata midomo. Jilala alimtazama kwa muda, akakisokota kile kipande kuwa ngata, akaiweka sakafuni nyuma ya Advera, akawaambia watu wote waelekee ukutani.

"Mwombe. Kwa adabu, kama alivyokuja kwako."

Advera akapiga goti. "Ndugu yangu," akasema, na sauti ilitoka kama ya mtoto, "naomba nitue."

Mikono ikaja. Safari hii ilimgusa kichwani, mikavu, yenye sugu, ikakawia, ikampapasa paji la uso mpaka kwenye nyusi kama kipofu anayejifunza sura, kisha ikainua, na uzito ukaondoka vitanda kwa madebe, shingo ikapanda, gauni likapanda kutoka sakafuni. Njuga zikatembea. Zilipita mlangoni, zikashuka barabarani, zikaelekea upande wa machweo.

"Ameshika njia yake," akasema Jilala. Ngata ya kanga haikuwepo tena sakafuni.

"Njia gani?" Festo akauliza.

"Ya zamani. Ya Ujiji, huko Kigoma."

Advera hakungoja kusikia zaidi. Alivuka kizingiti mbio, akawahi treni, akafika Kigoma, na mkono ulioshikwa saa ile ya uchungu ulikuwa wake kama alivyoahidi. Mtoto akazaliwa wa kike, mwepesi kama mkate wa kumimina, wakampa jina la Recheli, wakamvingirisha kwenye kipande cha kanga kilichofifia. Watu walisema kinampendeza. Na treni, mtakumbuka, inafuata njia ile ile ya misafara, na mwenye miguu ya kubebea hana haja ya treni.

Julieth alipokwisha kupata nguvu, adhuhuri moja alitoka uani kuchota maji. Advera alikuwa chumbani, amekaa kitandani, mjukuu mapajani. Alisikia ndoo ikijaa. Alimsikia bintiye akijisemea kwa kuguna, kama asemavyo mtu yeyote mwenye mzigo mzito.

"Asante, mama," sauti ya Julieth ikaja kutoka uani, ina furaha. "Wala sikukusikia ukija. Na unavyojua kuisogeza kushoto, haimwagiki hata tone."

Kwenye kanga ya mtoto kulikuwa na harufu ya tumbaku na chumvi. Advera akafungua mdomo amwambie bintiye asiondoke, asivuke kizingiti, asitoe kitu, akamkumbatia mtoto ili asimame amkimbilie.

Mtoto, yule mwepesi kama mkate wa kumimina, hakuinuka.