Mlio wa Upande wa Kushoto

Je, umewahi kuanza kumpenda mtu kwa sababu ya gari lenye kelele? Basi kaa, nikueleze habari za Tuulia, msambaza barua wa hapa Tampere, na gari jekundu aliloachiwa na marehemu baba yake.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa Aprili, siku ambayo mji mzima hutoa matairi ya majira ya baridi, na gereji ya Bi Saimi ilifurika. Kwa Bi Saimi unakodi nafasi na vifaa kwa saa, kazi unafanya mwenyewe. Tuulia alikuwa ndani ya ovaroli la baba yake, amelikunja miguuni mara tatu, kitambaa cha manjano kichwani, anahangaika kubana springi ili aivalishe shokapu mpya ya mbele.

"Ukiibana kombo hivyo itakurukia usoni," ilisema sauti nzito nyuma yake.

"Sasa wewe umesimama kutazama, au utashika?"

"Nilikuwa nangoja nialikwe."

Huyo ndiye Ilpo, dereva wa tramu, ile treni ya mitaani, mrefu kama mlango, sweta yake ya kijivu imetoboka kiwiko. Alishika. Kwa muda wa saa mbili walifanya kazi pamoja, na maneno aliyosema hayakuzidi ishirini, lakini kila Tuulia aliponyoosha mkono, spana aliyoitaka ilikuwa imeshafika kiganjani.

Kila upande iko nati moja katikati, juu kabisa ya shokapu, ambayo hukazwa mwisho, gari likishateremshwa na kukaa kwa uzito wake. Ilpo akasema, "Hizo niachie mimi." Akakaza ya kulia. Alikuwa ndiyo kwanza anaiwekea spana ile ya kushoto, Bi Saimi akapiga kelele: "Kahawa!"

Pale kahawa ikiitwa, hakuna anayebaki na chombo mkononi. Atakayebaki ataosha vikombe vya watu wote. Ilpo akaweka spana chini.

Walikaa juu ya matairi, na mikate mitamu ya hiliki, ile yenye chembe kubwa za sukari juu.

"Nyumbani kuna anayekungoja?" Ilpo aliuliza, macho ndani ya kikombe.

"Paka. Na hata yeye hanipendi."

Ilpo alicheka mpaka kahawa ikamwagikia sweta. Waliporudi kwenye gari, Tuulia alivika kofia za plastiki juu ya nati zote mbili, Ilpo akamwandikia namba ya simu kwenye kipande cha boksi, na wakaagana.

Kwenye tuta la kwanza tu, kushoto: ko! ko!

Jioni Tuulia akapiga simu. "Wewe bwana, gari langu linabisha hodi."

"Kagua nati za gurudumu."

Alikagua. Zilikuwa zimekazwa. Jumatatu akapiga tena, Ilpo akamwambia atazame pedi za breki, labda moja inacheza. Haikucheza. Jumatano ikawa zamu ya kile kifimbo kifupi kinachoungana na shokapu kwa chini. Tuulia akanunua kipya, akabadilisha mwenyewe uani, mvua ya manyunyu ikimwingia shingoni. Ko! ko!

"Kaidi kama mwenyewe," Ilpo alisema kwenye simu.

"Chunga mdomo, Ilpo wa tramu!"

Nakwambia, kila simu Tuulia alikuwa na neno jingine kooni. Mama yake ana kibanda kando ya ziwa, wanakokwenda kila Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, kuwasha moto na kukaa sauna kwenye mvuke, na mtu hapeleki mgeni kule hivi hivi. Alitaka kumwalika Ilpo. Kila alipofungua kinywa, yalitoka mambo ya breki.

Alhamisi akauliza kwa utani, "Na zile nati zako za juu, ulikaza zote mbili kweli, au ulikuwa unanitazama mimi?"

 

"Usiliendeshe hilo gari," Ilpo alisema, sauti kavu kama mbao. Akakata.

Tuulia alibaki ameshika simu, masikio yakimwaka. Ameudhika! Nimemgusa kazi yake kidogo tu, ananiamrisha na kunikatia! Simu ilipolia tena hakupokea. Ijumaa ililia mara nne. Alikwenda kazini kwa basi, akiwa na hasira, na chini ya hasira, huzuni.

Jumamosi asubuhi Ilpo, aliyepata anwani kwa Bi Saimi, alisimama uani kwa Tuulia. Amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mkononi ana spana iliyofungwa kwa taulo la jikoni.

"Umekuja kunifokea?" Tuulia aliuliza dirishani.

"Nimekuja kusikiliza. Njoo uzungushe usukani."

Alishuka akiwa na soksi za sufi, akaketi, akazungusha. Ilpo alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya kofia ya kushoto.

"Toka. Weka mkono wako hapa."

Walibadilishana. Tuulia akausikia mlio ukigonga kiganjani mwake. Ilpo akaja, akang'oa kofia, na nati akaizungusha kwa vidole viwili.

"Hii niliiacha mimi," alisema. "Kahawa iliitwa, halafu ukasema habari za paka, nikasahau dunia. Uliponiuliza, ndipo nikakumbuka. Ungeweza kuumia. Niliona aibu, nikakata simu."

"Mimi nikadhani umekasirika!"

"Na mimi nilidhani hupokei kwa sababu umeshajua kosa langu."

Aliikaza taratibu, akaipima mara mbili. Wakaingia garini wote wawili, wakapita matuta matatu ya mtaa wa shule, kwenda na kurudi. Kimya. Matairi tu juu ya lami.

Tuulia alizima injini mbele ya nyumba. Ilpo alikunja taulo lake, akalikunja tena.

"Basi, gari limepona," alisema. "Sasa huna sababu ya kunipigia simu."

Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kitasa cha mlango.

"Ilpo."

"Naam?"

"Juhannus twende wote kwa mama, ziwani. Nilitaka kukwambia tangu ile simu ya kwanza."