Maji Yaliyokataa Kushiba

Mrututu ulikuwa haubaki chini. Hilo lilimkera Bi Mizani, wala halikumtisha, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kukereka kwanza na mengine yote baadaye.

Kazi yenyewe haikuwa na muujiza. Kiwanda cha dawa za mimea kilikuwa kimechimba kisima kipya, na maabara ikatakiwa ipime maji yake yanaweza kuyeyusha mrututu kiasi gani, ile chumvi ya shaba, ya buluu, inayoua ukungu kwenye majani. Unapasha maji moto, unatia chumvi kidogo kidogo huku ukikoroga, mpaka punje zilale chini na zisinyanyuke tena. Hapo wenye kazi yao husema maji yameshiba. Unachota ya juu, yaliyo safi, unayakausha kwenye kisahani, unapima uzito wa kilichobaki. Umemaliza, nenda kanywe chai.

Haya hayakushiba. Bi Mizani alitia ndani ya jagi lililokuwa jikoni, akakoroga, punje zikazunguka na kutoweka. Akatia nyingine. Rangi iliyotakiwa kukolea ikabaki hafifu vilevile, kama maji yaliyosuuza shati lililochuja.

"Dada, hayo maji yana minyoo," mdogo wake alisema kutoka kwenye sinki. "Yanakula na hayanenepi."

"Punguza mdomo, lete kopo jingine."

Kumwambia huyo apunguze mdomo ilikuwa kama kuiambia mvua isiloweshe. Kiwanda kizima kilimwita Kasuku, naye aliosha vyombo vya maabara huku akizungumza na kila chombo. Bi Mizani ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na kusema kweli, nyumba yao ya watu wawili isingekuwa na sauti yoyote kama si huyo. Bi Mizani mwenyewe hakuwa msemaji. Alipewa jina lake kwa sababu hakuongeza wala hakupunguza, iwe ni chumvi au ni kumwambia mtu ukweli wake usoni.

Kopo jingine likaisha. Uvumilivu nao ukaisha. Akamimina lililofuata lote kwa mpigo, akaongeza moto wa jiko la umeme, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo wakitaka chumvi iyeyuke upesi wajue mwisho wake.

"Yamepata moto?" akauliza, akiwa ameinamia mizani.

Kasuku akachovya kidole, jambo alilokuwa akigombezwa kila wiki. "Yamepata, halafu yana..."

Akanyamaza.

Bi Mizani alisubiri. Alisikia bomba likidondosha maji na mvua ya alasiri ikianza juu ya bati. Neno hakusikia, na kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja hilo halikuwahi kutokea. Akageuka. Mdogo wake alikuwa amefumbua kinywa, ulimi unatembea, koo linapanda na kushuka, na hakuna kilichotoka. Kidole alichochovya alikuwa amekiinua mbele ya uso wake. Kilikuwa kioo. Bomba lilionekana upande wa pili, na tone likining'inia.

Kisha ndani ya jagi mtu akaanza kuimba kwa chinichini, polepole, ule wimbo wa Kasuku wa kusugulia vyombo.

"Tia tena, dada," sauti ya Kasuku ikasema kutoka majini. "Bado nina njaa."

Harufu ya sarafu iliyotiwa motoni ikajaa chumbani, na chini yake nyingine, ya nywele zinazoungua.

Mjomba wao alikuwa mganga, anakaa mtaa wa nyuma ya kiwanda, na mlinzi wa getini alimleta mbio. Aliingia na chetezo, makaa yakiwa tayari mekundu, akatazama jagi, akatazama kidole cha Kasuku, akashusha sauti.

"Hapa palikuwa na kisima cha kale. Mmechimba palepale, mmemwamsha mwenyewe."

"Mtoe."

"Taratibu, mwanangu. Jini hafukuzwi kama mbwa. Kwanza tumfukizie."

Akakisogeza chetezo ubavuni mwa jagi, akatia ubani. Maji yakatokota. Ule ukioo ukapanda kutoka kidoleni, ukala kiganja, ukafika kifundo cha mkono, huku Kasuku akilia bila sauti, na kilio chake kikitokea ndani ya jagi kikiwa kicheko. Bi Mizani akakipiga chetezo teke. Makaa yakatawanyika sakafuni, na ukioo ukasita palepale ulipofika.

Hilo aliliona vizuri.

"Naweza kumrudisha," ikasema ile sauti. "Bei yangu ndogo. Mpimaji aseme mbele ya mganga kwamba mimi sina mwisho."

Mjomba akamshika nguo. "Sema, mwanangu," alinong'ona. "Ni maneno tu."

"Si maneno tu, mjomba. Nikisema hana mwisho, nimempa ruhusa ya kummaliza Kasuku."

"Na usiposema?"

"Nitampima."

Akazima jiko. Maji ya moto hula, yakipoa hutapika. Hilo analijua kila aliyewahi kusahau jagi mezani akalikuta asubuhi limejaa fuwele za chumvi. Akalikumbatia jagi kwa mikono mitupu, ngozi ya viganja ikaungua naye akasikia inavyoungua, akaanza kutembea nalo kuelekea kwenye friza ya sampuli huku sauti ikimbembeleza kwa kinywa cha mdogo wake, dada naumia, dada unaniua kwa baridi, kisha ikabadilika ikawa ya mama yao aliyelala kaburini miaka mingi, ikimuuliza huyu ndiye mtoto niliyekuachia, na taa zikififia, na bati likigongwa juu kana kwamba kuna mtu anapita huko akitafuta pa kushukia, naye akitembea, machozi yanamtoka, hasira inamtoka zaidi ya machozi, hadi akainua mfuniko wa friza kwa kiwiko na kulididimiza jagi katika barafu hadi shingoni.

"Mama yangu hakuwahi kunililia njaa," alisema. "Na wewe una mwisho, kama maji yote niliyowahi kupima. Tapika."

Maji yakatetemeka. Rangi ikakolea ghafla, buluu nzito kama wino, na chini ya jagi ikalala fuwele ya kwanza, yenye kingo kali, kwa mlio mdogo kama wa jino linaloanguka kwenye sahani. Ikafuata nyingine. Kwa kila iliyoanguka, mkono wa Kasuku ulipata ngozi: kifundo, kiganja, vidole. Ilipofika ukuchani, Kasuku akakohoa.

"Dada," alisema kwa koo kavu. "Viganja vyako, dada."

"Vitapona. Sema kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Chochote. Usinyamaze tu."

Kasuku akaanza kusema. Alisema juu ya sinki, juu ya mvua, juu ya viatu vya mjomba vilivyopishana rangi, na dada yake akaegemea friza akimsikiliza kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu.

Mjomba ndiye aliyeinama kutazama. "Mlitia chumvi kiasi gani humu?"

Fuwele zilikuwa bado zinaanguka. Zilipita nusu ya jagi, zikafika mdomoni, zikaanza kumwagika juu ya barafu, nyingi kuliko mrututu wote uliokuwa stoo. Na zilikuwa na sauti, za chini mno, kama redio ya nyumba ya jirani. Bi Mizani akachukua moja kwa koleo akaisogeza sikioni. Ndani mzee mmoja, mwenye adabu zake, alikuwa anauliza kama kuna mtu ameiona ndoo yake. Alikuwa anateka maji hapa kisimani sasa hivi, akasikia anaitwa.

Akaiweka kwenye kisahani safi, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto.

"Umempata wako," jagi likasema. Safari hii sauti haikuwa ya mtu yeyote. "Hao si wenu. Niachie."

Mjomba alikuwa ameshafika mlangoni. Bi Mizani hakugeuka.

"Kasuku," alisema, "ongeza barafu."