Baba, Chakula Kinapoa

Bakuli lilikuja limefungwa kwa kitambaa kilekile cha siku zote, ila safari hii kitambaani zilikuwa zimenata pumba za mpunga. Jambo hilo lilimshangaza kidogo, maana bakuli huachwa mlangoni, na njia ya kutoka nyumbani haina pumba. Akazikung'uta, akala.

Wenzake walimwita Mchochezi, ingawa hajawahi kugombanisha hata kuku. Kazi yake ilikuwa kuchochea moto wa boila. Kiwanda kizima cha sabuni kiliendeshwa kwa mvuke wa pumba, na pumba zenyewe zilirundikwa ghalani hadi karibu na paa. Ghala halikuachwa liishe pumba. Mpya zilimwagwa juu ya za zamani, na sakafu yake hakuna aliyeikumbuka.

Rundo hilo ndilo lililommeza binti yake. Alikuwa akimletea baba chakula kila mchana, na siku moja alikata njia juu ya pumba, zikatitia, akatolewa akiwa maiti. Tangu mazishi, mume na mke hawakumtaja tena. Kila mmoja alichelea kumtonesha mwenzake kidonda. Kwa hiyo bakuli lilipoendelea kuonekana mlangoni pa ghala, Mchochezi hakuuliza nani analileta. Alidhani mkewe humtuma jirani.

Kisha ikaanza sauti.

"Baba, chakula kinapoa."

Ilitoka ndani ya rundo, chini kabisa, pamoja na harufu ya udongo uliofukuliwa. Wapakiaji wa sabuni waliisikia nao, wakaacha kazi mmoja mmoja. Tajiri mwenye kiwanda, maji yalipomfika shingoni, akamleta mganga, mama mnene asiyependa maneno mengi.

"Si mwanao huyo," alimnong'oneza Mchochezi. "Ni jini wa rundo, ameazima sauti. Akishaizoea atataka na mwili. Atamchukua mkeo."

"Lakini mama, hajatudhuru."

"Bado. Choma rundo lote mpaka sakafu, kwa mkono wako mwenyewe. Akikuita, usiitike."

Mchochezi alishika beleshi asubuhi ya kesho yake. Alitupa pumba tanurini, akatupa tena, na kadiri rundo lilivyoshuka ndivyo sauti ilivyopanda, kwanza ikimwita taratibu kama zamani, kisha ikimwita huku ikicheka kile kicheko chake cha puani ambacho hakuna jini angeweza kukijua, kisha ikilia, na yeye akiuma midomo hadi damu, machozi yakikaushwa na joto kabla hayajafika kidevuni, akichota na kutupa, akichota na kutupa, mpaka beleshi likakwaruza saruji na sauti ikawa pale pale miguuni pake, ndogo mno.

"Baba, mbona huniitikii?"

Hakuitika. Akatupa beleshi la mwisho. Moto ukavuma mara moja, ukatulia, na ghala likabaki kimya na tupu.

Alipofika nyumbani jioni alimkuta mkewe ameketi kizingitini, bakuli limefungwa mapajani. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mchana ule hakula.

"Mume wangu," mkewe alisema kwa sauti ya chini, "leo mwanao hajaja kuchukua chakula chako."

Mchochezi aligusa fundo la kitambaa.

"Huwa anabisha hodi," mkewe aliendelea. "Simwoni. Anasema tu, 'Mama, nipe cha baba.' Natoa mkono mlangoni, anapokea. Vidole vyake ni vilevile, na kile chenye kovu. Sikukwambia. Niliogopa utaita mtu wa kumfukuza."

Alimtazama mumewe, nguo zake, mikono yake iliyojaa masizi.

"Mbona leo unanuka moshi hivyo, kuliko siku zote?"

Mchochezi aliketi kando yake, akafungua kitambaa, akamega tonge, na mkewe akaanza kulia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Chakula kilikuwa kimepoa.