Swichi Zilizong'olewa Kinanira

Tajudini, rafiki yangu fundi wa umeme, siku hizi hakubali kazi mtaa wa Kinanira. Mjane mmoja wa huko, Mama Gaëlle, alimwita ang'oe swichi zote za ukutani, taa za nyumba nzima ziwashwe kwa kitufe kimoja cha simu.

"Matanga haijaisha, mama. Tungoje kwanza."

"Apana, ng'oa tu. Marehemu alizoea kuzima chumba kwa chumba. Mi ile sauti ya swichi imenichosha."

Akang'oa, akaziba matundu kwa simenti, swichi akazitia katika begi lake. Magharibi Mama Gaëlle akagusa simu, nyumba nzima ikawaka.

Mara, ta! Chumba cha nyuma kikazimika. Ta! Jikoni. Kisha vingine, chumba kwa chumba. Simu bado ilionyesha taa zote zinawaka. Sauti ilitoka miguuni pa Tajudini, ndani ya begi.

Akalifungua. Swichi zote zilikuwa zimeshuka upande wa kuzima, isipokuwa ile ya sebule waliposimama. Nayo ilikuwa inashuka, polepole.