Mkono Juu ya Meza Nyekundu

— Toa mkono wako kwenye meza yangu!

— Meza yako tangu lini? Mkono wangu umefika kwanza.

— Umefika kwanza wapi, Lyle? Mimi nimeshika kona hii wewe bado unahema kule nyuma kama mbwa mzee!

— Nimeshika mguu, Gretchen. Mguu nao ni meza.

Geti la uwanja lilikuwa limefunguliwa sasa hivi tu na umande ulikuwa bado unalowesha viatu. Kila Mei, kwenye uwanja ule wa Massachusetts, sisi wakusanyaji wa vitu vya kale tunajipanga nje kabla jua halijapanda, tochi mkononi, kahawa tumboni. Geti likifunguliwa tunakimbia. Mabibi wenye magoti mabovu wanakimbia. Wachungaji wanakimbia. Na kuna sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika na hakuna anayethubutu kuivunja: ukiweka mkono juu ya kitu, wewe ndiye mwenye nafasi ya kukinunua. Ukinyanyua mkono, umekwisha. Anayefuata anachukua.

Sasa mikono miwili ilikuwa juu ya meza moja. Mmoja wangu. Mwingine wa mwanamume niliyemfukuza nyumbani kwangu Januari.

Mwenye kibanda, mzee mnene aitwaye Delbert, akaja anatafuna donati.

— Mnajuana?

— Hapana, nikasema.

— Tulikuwa tuoane, akasema Lyle.

Delbert akacheka mpaka sukari ikamwagika kwenye shati.

— Basi malizaneni. Mimi namuuzia atakayebaki na mkono juu.

Sikuwa na mpango wa kunyanyua. Nilikuwa nimepita bata wa mbao, majogoo ya bati na mashuka ya viraka bila hata kugeuza shingo, maana niliiona meza hii kwa mbali. Meza ya jikoni ya shambani, ya msonobari. Juu imesuguliwa mpaka ikawa nyeupe, miguu myekundu, ule wekundu wa kizee unaokaribia kahawia. Droo moja upande wa kulia. Kama ya mama yangu. Kama ya mama yangu ilivyokuwa, kabla ya Lyle.

— Alikukosea nini huyu bwana? akauliza Delbert.

— Alichubua meza ya mama yangu.

Delbert akaacha kutafuna.

— Aliichubua? Rangi yake ya kwanza?

— Mpaka mbao. Akapiga na vanishi.

Delbert akavua kofia kama mtu aliyefika msibani. Kwetu wakusanyaji, rangi ya kwanza ndiyo thamani yote ya kitu.

— Ningekuwa wewe ningeita polisi.

— Ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa! Lyle akapaza sauti. Nilitaka akirudi kutoka kwa dada yake aikute inang'aa! Baba yangu alikuwa na karakana ya kuchubua fanicha. Kwetu meza yenye rangi iliyobabuka ilikuwa aibu. Mimi ningejuaje?

— Ungeuliza! Ungetembea na jirani, Lyle, ningenuna mwezi mmoja yakaisha. Rangi ya miaka mia moja na themanini! Inarudi wapi ile?

— Hairudi, akasema. Najua. Ndiyo maana niko hapa.

— Uko hapa kuchubua na hii.

Nyuma yetu mwanamke mmoja mwenye miwani mikubwa ya jua alikuwa amesimama karibu sana, anameza mate.

— Mkichoka, akasema, mniambie.

— Hatuchoki, tukajibu mimi na Lyle pamoja.

Simu ikalia mfukoni. Nikaitoa kwa mkono uliokuwa huru. Alikuwa Paige, binti yangu.

"Mama umepata? Usinunue kitu kikubwa, ghala limejaa."

Nikaandika kwa dole gumba: "Lyle yuko hapa. Kaing'ang'ania meza yangu."

Jibu likarudi kabla sijaishusha simu.

"Najua yuko hapo. Kila Jumapili ananipigia kuniuliza vipimo vya meza ya bibi. Urefu, upana, droo iko upande gani. Nimemwambia akuulize mwenyewe, anakuogopa."

Nikasoma mara mbili. Nikamtazama mwanamume yule. Alikuwa amekonda. Nywele zimekua mpaka kwenye kola, na alivaa lile sweta nililomshonea kiraka kwenye kiwiko.

— Lyle. Meza hii unaitakia nini?

— Unajua.

— Sijui. Sema.

— Nikuletee. Niishushe barazani, nigonge mlango, nikimbie.

Mwanamke wa miwani akashika kifua.

— Jamani! akasema. Mpe meza, dada.

— Wewe nyamaza!

Sitaki kusema uongo. Nilikuwa karibu kutabasamu. Lakini Lyle naye alikuwa haniangalii tena. Alikuwa ameinama, mkono mmoja bado juu ya meza, anavuta droo taratibu. Akaingiza pua ndani. Akanusa. Akakwaruza ubavu wa meza kwa ukucha. Aliponyanyuka uso ulikuwa umebadilika.

— Gretchen, akanong'ona. Toa mkono.

— Nini?

— Toa mkono. Rangi hii ni mpya.

Damu ikanipanda kichwani.

— Ahaa! Kumbe ndio mchezo wenyewe! Unilize kidogo, nilegee, ninyanyue mkono, wewe ubaki umeshika!

— Sikiliza. Ile ya mama yako niliisugua mchana kutwa, mgongo ukaniuma wiki nzima. Rangi ya zamani ikikauka miaka yote hiyo inakuwa jiwe. Hii imeingia kwenye ukucha. Ona.

Akanionyesha. Chini ya ukucha palikuwa pekundu, laini kama jibini.

— Unaongopa.

— Sijawahi kukuongopea. Nimewahi kuwa mjinga. Ni vitu viwili tofauti.

— Wewe uliyeharibu rangi ya meza ya mama yangu, leo ndiwe wa kunifundisha rangi?

Kisha, mbele ya Delbert, mbele ya mwanamke wa miwani na wote waliokwisha kukusanyika na vikombe vyao, Lyle akanyanyua mkono. Akanyanyua na wa pili, yote juu, kama mtu aliyekamatwa na askari.

— Delbert, ni ya kwake. Mimi nimetoa.

Watu wakaguna. Kwenye uwanja ule hakuna anayefanya hivyo. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakishikilia sanduku kwenye mvua mpaka mmoja akapata homa.

— Safi kabisa! Delbert akasema haraka. Mama, nikufungie?

Meza ilikuwa yangu. Ilibaki niseme neno moja tu. Ila mtu anayetaka kunidanganya ili abaki na meza hawezi kuwa wa kwanza kuiachia. Hilo nililiona, pamoja na hasira yote niliyokuwa nayo.

— Subiri, nikasema.

Nikapiga magoti kwenye nyasi mbichi, mkono mmoja bado juu. Nilichokuwa sijakitazama kwa sababu ya mbio na ugomvi, sasa nikakitazama. Chini kulikuwa na ubao wa kuwekea miguu, umelika katikati kwa viatu vya watu wengi. Vizuri. Lakini pale palipolika palitakiwa pawe mbao tupu. Viatu vilivyokula mbao vingeachaje rangi? Na rangi ilikuwemo, imetulia ndani ya bonde kama supu kwenye bakuli.

Nikalamba kidole gumba nikasugua. Kikatoka chekundu.

Mama yangu alikuwa akiosha miguu ya meza yake kila Jumamosi kwa sabuni na maji ya moto. Kitambaa hakikuwahi kubeba hata alama.

Nikasimama. Nikanyanyua mkono.

— Yangu! Mwanamke wa miwani akairukia meza kwa mikono yote miwili.

— Dada, nikamwambia, lamba kidole, sugua hapo chini.

Akavua miwani, akasugua, akatazama kidole. Akamtazama Delbert.

— Mimi nimeinunua hivyo hivyo! Delbert akaanza kurudi nyuma. Nyumbani kwa mjane mmoja, mtu mwaminifu kabisa...

— Na ile brashi je? akauliza Lyle kwa upole. Ile iliyosimama kwenye kopo la kahawa, nyuma ya kiti chako?

Kila mtu akageuka. Brashi ilikuwa nyekundu mpaka kwenye mpini.

Hapo ikawa vurugu. Mwanamke wa miwani alipiga kelele, mchungaji mmoja alidai kurudishiwa pesa za jogoo la bati, na mzee mwingine alianza kulamba kidole na kusugua kila kitu kibandani. Mimi sikuwa na haja nao. Nilitembea hatua chache na kuweka mkono wangu, na kile kidole chekundu, juu ya kifua cha Lyle.

— Delbert! nikaita bila kugeuka. Na huyu bei gani?

— Mchukue bure! Mwondoke hapa!

— Ukinichukua hakuna kurudisha, akasema Lyle. Na mimi nimeshachubuka, Gretchen. Mpaka mbao.

— Naona. Vanishi tu usipige.

Akacheka, akalia, akanikumbatia. Sweta likabaki na alama nyekundu ambayo mpaka leo haijatoka, kwa hiyo labda Delbert angeuza rangi yake kwa watia rangi nguo.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Paige jikoni. Alikuwa ameitoa ghalani ile meza kipara ya mama yangu, kaifunua turubai, na anakula mayai juu yake.

— Ni meza tu, Mama, akasema. Imenyooka, haitikisiki. Kaeni.

Tukakaa.

Ndoa ilikuwa Oktoba, maboga yakiwa kwenye ngazi za kanisa. Lyle alivaa suti, na chini yake sweta. Mchungaji, yuleyule wa jogoo la bati, akauliza kama kuna yeyote mwenye pingamizi.

Niligeuka nikawatazama wote, benchi moja baada ya jingine. Karibu nusu yao ni wakusanyaji. Mkono wangu ulikuwa juu ya bega la Lyle, mahali pa wazi, kila mtu auone.

Hakuna aliyefungua mdomo. Sheria wanaijua.