Nafuna na Kari la Papu

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mabati ya mtaa wa Kabiro, Kawangware, Nafuna alikuwa ameshateka madebe mawili ya maji, ameshafagia mbele ya mlango, na ameshamgombeza mdogo wake Shiundu mara tatu kwa sababu ya kiatu kimoja kisichoonekana. Nyumbani, msichana huyo wa miaka kumi na miwili alikuwa na mdomo. Ungemsikia kutoka chumba cha kwanza mpaka cha kumi na mbili cha ile ploti waliyopanga, akiimba, akitania, akibishana na mama yake kuhusu chumvi ya mboga. Lakini akifika tu kwenye lango la shule, kimya. Ungedhani ulimi ameusahau nyumbani.

Hakuzaliwa hivyo. Alikuja Kawangware mwezi wa Januari, mwaka wa 1979, kutoka upande wa Bungoma, baba yake alipopata kazi ya uashi Nairobi na kuiita familia yake. Shuleni alipokelewa darasa la sita kwa majaribio. Siku ya pili, Mwalimu Gerishon alimwambia asimame asome. Nafuna alisimama bila wasiwasi wowote, maana kusoma alikujua vizuri. Kitabuni paliandikwa, "Gari la babu liligonga daraja." Naye akasoma kwa sauti kubwa, kama watu wa kwao wanavyotamka:

"Kari la papu lilikonga taracha."

Loo! Darasa zima lilivunjika mbavu. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, Githinji, alicheka hadi akaanguka chini na kitabu chake. Mwalimu alipiga meza, akamkaripia Githinji, lakini maji yalikuwa yamemwagika. Jioni hiyo, njia nzima, Nafuna aliitwa "Kari! Kari!" mpaka akafika mlangoni kwao.

Sasa, watoto ni watoto. Wiki iliyofuata suruali ya mwalimu wa hesabu ilipasuka akiandika ubaoni, na darasa likapata jambo jipya la kucheka. Nafuna ndiye ambaye hakusahau. Tangu siku ile, kila alipoitwa kusoma, sauti ilimjia kichwani: "Nyamaza, wewe. Ulimi wako mbovu. Wewe ni bure kabisa." Na kwa kuwa sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe, hakuna mwalimu ambaye angeweza kuipigia meza.

Basi akaanza visingizio. Mara koo linauma. Mara kitabu amekisahau, kumbe kimo ndani ya mkoba. Mara ya tatu alisimama tu, akatazama kidole gumba cha mguu wake mpaka akaambiwa aketi. Insha zake zilikuwa safi, lakini hata hizo zilimletea balaa, maana Mwalimu Gerishon alianza kujiuliza: mtoto asiyeweza kusoma anaandikaje hivi?

Jumatano moja ya mwezi wa Machi, mwalimu alimwita kando.

"Nafuna, muhula unakwisha. Mwalimu mkuu ameniuliza kama utabaki darasa la sita, nami sina jibu. Insha zako ni nzuri, lakini sijui kama ni zako au ni za jirani yako. Ijumaa utasoma ukurasa mmoja mbele ya darasa. Ukishindwa, utarudi darasa la tano."

Darasa la tano! Huko ndiko alikokuwa Shiundu. Nafuna alikwenda nyumbani miguu ikiwa mizito. Shiundu alipoambiwa habari hizo, alifurahi bila haya.

"Tutakaa dawati moja! Utakuwa unanionyesha hesabu."

Nafuna alichukua debe akaenda mferejini.

Uani alikuta wapangaji wamekusanyika. Mama Kiragu, mwenye ploti, alikuwa amepanda juu ya kreti ya soda, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Tangu mwaka uanze, mama huyo alikuwa akihudhuria ngumbaru, yaani darasa la watu wazima wanaojifunza kusoma na kuandika, katika ukumbi wa kanisa. Zamani matangazo ya ploti aliandikiwa na mwanawe Kiragu. Hili alikuwa ameliandika kwa mkono wake, na alitaka kila mtu alisikie.

"Tangazo!" akaanza, kidole kikifuata maneno. "Kira mpangaji asafishe shoo kwa zamu."

Wapangaji wakaangua kicheko. Aoko, muuza samaki wa chumba cha tano, akapaza sauti, "Mama Kiragu, rudia hapo pa kusafisa!" Basi wakamcheka na Aoko pia. Nafuna mwenyewe, pamoja na shida zake zote, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Mama Kiragu naye alicheka. Alifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, akapatafuta mahali alipoachia, akaendelea.

"Rango rifungwe saa tatu. Marufuku kumwaga maji mbere ya mrango wa mwenzako."

Alisoma mpaka nukta ya mwisho. Kisha akashuka, na watu wakampigia makofi.

Wapangaji walipotawanyika, Mama Kiragu alimwona Nafuna amesimama na debe lake. Maneno yake nitayaandika kama yanavyoandikwa vitabuni, maana nikiifuata kila "r" ya mama huyo hatutamaliza leo.

"Wewe mwana wa shule, njoo unisomee hii. Nataka nijue kama nimeruka herufi kabla sijaipigilia ukutani."

Nafuna alisoma tangazo lote bila kusita, akamwonyesha herufi moja iliyokosekana.

"Aisee! Wewe unasoma kama maji," Mama Kiragu akasema.

Alidhani amemsifu. Badala yake Nafuna aliangua kilio, akamweleza kila kitu: kari la papu, visingizio, Ijumaa, na dawati la Shiundu. Mama Kiragu alimsikiliza, jiwe la kupigilia msumari likiwa mkononi.

"Kwanza niambie. Leo ni wangapi walionicheka?"

"Wote." Nafuna akafuta pua. "Hata mimi."

"Nilikuona. Ulimshinda Aoko! Sasa, mlipokuwa mkicheka, unafikiri nilikuwa najiambia nini?"

"Sijui."

"Jina langu ni Wamucii. Nilijiambia, 'Wamucii, bado mistari miwili.' Basi. Sikujiambia mimi ni hodari, maana ningejidanganya, ngumbaru nimeanza juzi. Sikujiambia mimi ni mjinga, maana huo nao ni uongo. Nilijikumbusha kazi iliyobaki. Nawe ukiitwa kusoma, hujiambia nini?"

Maneno yale Nafuna alikuwa ameyazoea kichwani kama salamu, lakini kuyatamka mbele ya mtu mzima kulimtia aibu.

"Najiambia... wewe ni bure. Ulimi wako mbovu. Nyamaza kabla hujachekwa."

"Mtu akimwambia Shiundu hivyo hapa uani, wewe utafanya nini?"

"Nitampiga na hilo jiwe," Nafuna akajibu papo hapo.

"Ehe! Shiundu, ambaye hata kiatu chake hajui kilipo, unamtetea. Nafuna naye amekukosea nini?"

Nafuna alifuta machozi kwa kiganja.

Mama Kiragu akaketi juu ya kreti. "Sauti hiyo haitanyamaza kwa siku moja, mwanangu. Hata yangu huja nikiingia pale ukumbini. Inasema, 'Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, unasoma a, e, i. Aibu gani hii!' Naisikiliza, kisha naiuliza ni lipi la kweli. Kweli mimi ni mwanamke mzima. Kweli nasoma a, e, i. Lakini hayo ya aibu imejitungia yenyewe. Nami najibu, 'Asante, sasa niache nisome.' Kesho njoo na kitabu chako."

Alhamisi jioni Nafuna alisoma huku Mama Kiragu akichambua maharagwe. Alisema "taktari" mahali pa "daktari". Mama Kiragu alimrekebisha, "Sema dak-tari," wakaendelea. Nafuna akarudia neno hilo mara tano. Mara tatu lilitoka sawa, mara mbili likakataa. Maharagwe hayakumcheka, na Mama Kiragu hakumcheka.

Ijumaa ikafika. Nafuna alisimama mbele ya darasa. Mwalimu Gerishon alifungua kitabu penye ukurasa wa mistari kumi na minne. Na sauti ile haikuchelewa. "Wewe ni bure," ikaanza. "Utachekwa."

Huenda nikachekwa, Nafuna akaijibu moyoni. Hilo ni kweli. Lakini bure? Hilo umejitungia.

Akavuta pumzi, akasoma. "Taktari wa mifugo alikonga lango. Ng'ombe wa mzee alikuwa hoi..."

"Pfff!" Githinji akashindwa kujizuia. Nafuna alitamani ardhi ipasuke aingie. Bado mistari kumi na mitatu, akajiambia, akajikaza kisabuni. Bado kumi na miwili. Bado kumi na mmoja. Baada ya hapo akasahau kuhesabu, maana ng'ombe alikuwa anataka kuzaa na ndama amekwama, na Nafuna mwenyewe alitaka kujua kama atapona. Mwalimu Gerishon alikuwa amechagua ukurasa ambao hawakuwahi kuusoma. Neno moja lilimshinda, akalirudia, akalipita. Alipofika mwisho wa ukurasa, daktari alikuwa ameshika miguu ya ndama na anavuta.

"Vema. Inatosha," Mwalimu Gerishon akasema.

"Mwalimu, na ndama?" mtu akalalamika kutoka nyuma. Alikuwa Githinji.

Mwalimu alimtazama Nafuna, na Nafuna alikuwa ameshafungua ukurasa wa pili. Akaendelea kusoma mpaka ndama akasimama kwa miguu yake minne, na darasa likashangilia.

"Nafuna Wekulo," mwalimu akasema akiandika katika daftari lake, "utabaki darasa la sita. Tena nilikushuku bure kuhusu insha. Nisamehe."

Nafuna alishusha pumzi ndefu. Alijisikia mwepesi, akarudi kuketi.

Wakati wa mapumziko Githinji alimfuata. "Pole kwa kucheka. Lakini mbona ulikuwa hutaki kusoma? Sisi tulidhani una maringo. Tulisema huyu hataki kuongea na watu wa Kawangware."

"Maringo! Si nyinyi mliniita Kari?"

Githinji alikuna kichwa. "Kari? Kari gani?"

Nafuna alimtazama usoni. Hakuwa anatania. Kweli alikuwa amesahau! Karibu miezi mitatu Nafuna amekosa raha kwa sababu ya jambo ambalo mwenyewe aliyelianzisha halikumbuki hata kidogo. Kwanza alitaka kukasirika, kisha akajikuta anacheka, na Githinji akacheka naye bila kujua anacheka nini.

Mwalimu Gerishon, aliyekuwa akipita, alisimama.

"Githinji alikosea siku ile, nami nilimkaripia. Lakini siku nyingine zote, Nafuna, nani alikuwa anakucheka?"

Nafuna alifikiri. "Mimi mwenyewe, Mwalimu."

"Basi nawe nakukaripia. Mimi hukosoa kazi yako kwa wino mwekundu. Nakuonyesha kosa, unalirekebisha, yamekwisha. Sijawahi kuandika katika daftari lako kwamba wewe ni bure. Jikosoe hivyo hivyo. Mtoto anayetukanwa kutwa hawezi kujifunza, hata kama anayemtukana ni yeye mwenyewe. Tena matamshi hujifunzwa polepole. Thamani yako huhitaji kujifunza, umekuja nayo kutoka Bungoma."

"Asante, Mwalimu."

Kengele ikalia, wakaingia. Mwalimu Gerishon akauliza nani atasoma hadithi inayofuata, na mkono wa kwanza kuinuka ulikuwa wa Nafuna. Akauliza nani atajibu swali la kwanza, ukainuka ule ule. Swali la pili, la tatu, la nne, mkono uko juu.

"Nafuna, shusha mkono!" mwalimu akasema mwishowe. "Waachie na wenzako!"

Naye Nafuna akaushusha, shingo upande.